Leza, mwale wa ayoni au asidi? Kuchagua njia ya kupima elementi haba katika kioo cha volkano

Mwanafunzi akiniuliza ni mashine ipi bora ya kupima elementi haba katika majivu ya volkano, ambayo mengi ni vipande vya kioo vyenye kuta nyembamba za mapovu ya gesi, namrudishia swali: chembe zako zina ukubwa gani, na kuta zake zina unene gani? Mara nyingi hajui bado. Ameshasoma vipeperushi vya wauza mashine, anajua ipi inaona sehemu moja kwa bilioni na ipi haioni, lakini jivu lenyewe limo kwenye mfuko wa nailoni, halijaoshwa wala kutazamwa kwa darubini. Uchaguzi huharibikia hapo. Njia karibu zote nitakazozitaja zina uwezo unaotosha kwa kazi nyingi za Bonde la Ufa. Kinachoamua ni chembe yako inaweza kuvumilia nini, na unataka kujua nini.

Kwanza, kwa nini tujisumbue na elementi haba. Milipuko miwili ya volkano moja, au hata ya volkano mbili jirani, inaweza kutoa kioo chenye silika, alumini na potasiamu zinazokaribiana mno hata usiweze kuitenganisha. Ila zirkoniamu, niobiamu, itriamu, thoriamu na zile elementi adimu za ardhi, ambazo kiasi chake huhesabiwa kwa sehemu kwa milioni, hutofautiana kwa sababu hazipendi kuingia katika fuwele. Zinarundikana kwenye magma inayobaki. Mfano wa karibu ni Omo Kibish, kusini mwa Ethiopia. Mabaki ya binadamu yanayoitwa Omo I yalipatikana huko mwaka 1967, na kwa miaka mingi yalikadiriwa kuwa na umri wa miaka 195,000 hivi. Juu yake limelala tabaka nene la jivu, KHS, laini mno hata halina fuwele za kufaa kupimwa umri kwa argoni. Mwaka 2022 timu iliyoongozwa na Céline Vidal wa Cambridge ililinganisha kioo cha jivu hilo na mawe ya volkano za Bonde la Ufa la Ethiopia, ikaona linalingana na mlipuko mkubwa wa Shala wa miaka 233,000 iliyopita, ongeza au punguza 22,000. Kwa kuwa jivu liko juu ya mifupa, mifupa haiwezi kuwa changa kuliko jivu. Oksidi kuu, yaani silika na nyingine zilizo nyingi katika kioo, zilipimwa kwa mwale wa elektroni (chembe hupigwa kwa elektroni, na eksrei inayotoka hupimwa), elementi haba kwa leza.

Lakini mtu asikudanganye kwamba pasipo leza hakuna kulinganisha. Mgogoro wa jivu la KBS, mashariki mwa Ziwa Turkana, ulikuwa mkali katika miaka ya 1970 kwa sababu umri wake ndio ulioshikilia umri wa KNM-ER 1470, fuvu maarufu la binadamu wa kale. Waliokuwa wakisema ni miaka milioni 2.6 walipingwa na waliotazama wanyama wa kale. Thure Cerling na Frank Brown walionyesha kwa kemia ya kioo kwamba KBS ni jivu lilelile linaloitwa H2 katika miamba ya Shungura, bonde la chini la Omo, na vipimo vya baadaye vikatua kwenye miaka milioni 1.88 hivi. Leza iliyounganishwa na spektromita ya plazma ilikuwa haijaingia kwenye kazi hii. Majaribio ya kwanza ya kuiunganisha yalichapishwa na Alan Gray mwaka 1985.

Leza, kwa ukaribu

Njia hii huandikwa kwa kifupi LA-ICP-MS. Chembe zimegandishwa katika gundi ya epoksi, zikasagwa na kung'arishwa mpaka uso wake ukawa bapa. Leza hupiga uso huo kwa mwanga wa urujuanimno, kioo kinageuka vumbi laini sana, gesi ya heliamu inalibeba vumbi hadi kwenye plazma ya argoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, na huko kila kitu kinakuwa ayoni. Spektromita inazipanga ayoni kwa tungamo lake na kuzihesabu.

Tazama kinachotokea kwenye skrini kwa chembe moja. Sekunde 20 au 30 za mwanzo leza imezimwa, mashine inapima gesi tupu, mistari yote iko chini inatetemekatetemeka. Kisha leza inaanza kupiga, tuseme mara 5 kwa sekunde. Mistari inapanda kwa pamoja: silikoni, rubidiamu, zirkoniamu, lanthanamu, thoriamu, kila mmoja kwa kimo chake. Kila pigo linakula takriban sehemu ya kumi ya mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo baada ya sekunde 40 yamepita mapigo 200 na shimo limefika kina cha mikroni 20 hivi. Chembe ikiwa safi, mistari inakwenda sambamba, ikishuka polepole kadiri shimo linavyozama. Ghafla strontiamu na bariamu zinaruka juu huku nyingine zimetulia: umegonga fuwele ya felspa iliyokuwa imejificha chini ya uso. Zirkoniamu na hafniamu zikiruka pamoja, ni chembe ya madini ya zirkoni. Mistari yote ikianguka kwa mpigo, umetoboa ukuta wa chembe na sasa unapiga epoksi.

Hii ndiyo faida ya leza ambayo watu hawaipi uzito wake. Kosa unaliona likitokea, kwa sekunde yake, na unaweza kukata kipande hicho cha mstari na kubaki na kioo peke yake. Njia inayokupa namba moja tu mwishoni haikupi nafasi hiyo. Chembe moja inachukua kama dakika mbili, hivyo kwa siku moja unaweza kupima chembe nyingi pamoja na vioo rejea vyake, yaani vioo ambavyo kemia yake inajulikana tayari.

Udhaifu wake unatoka palepale kwenye nguvu yake: inachimba. Ukitumia doa la mikroni 25 na shimo la kina cha 20, umekula nanogramu 24 hivi za kioo. Punguza doa liwe mikroni 10 kwa kina kilekile na umebaki na nanogramu zisizofika 4. Ishara imeshuka zaidi ya mara sita, na elementi adimu za ardhi zile nzito, ambazo zilikuwa chache tangu mwanzo, zinaanza kuzama katika kelele ya mashine. Zaidi ya hapo, shimo jembamba lenye kina halitoi elementi zote kwa uwiano uliomo ndani ya kioo. Baadhi hutoka kwa wingi kuliko nyingine, na tofauti hiyo inakua kadiri shimo linavyozama. Maabara ya Aberystwyth, Wales, ambayo Nick Pearce na wenzake wameifanyia kazi tangu miaka ya 1990 wakipima majivu kwa leza, imeonyesha kwamba madoa ya mikroni 10 na chini yanawezekana, lakini yanadai usahihishaji wa makini. Mimi nashauri hivi: ukuta ukiwa na mikroni 20 au zaidi, leza ni chaguo la kwanza bila mjadala mrefu. Chini ya hapo, fikiri tena.

Jambo la pili ni kwamba leza haijitegemei. Kiasi cha vumbi kinachofika kwenye plazma hubadilika toka chembe hadi chembe, kwa hiyo unahitaji elementi moja ambayo kiasi chake unakijua tayari ili uipimie nyingine. Kwa riolaiti, yaani mwamba wa volkano wenye silika nyingi, silikoni ndiyo inayofaa. Kalsiamu ni chache mno, na kosa dogo katika kalsiamu linakuwa kosa kubwa katika kila kitu. Silikoni hiyo unaipata wapi? Kwenye mwale wa elektroni, kwenye chembe ileile. Wanaoandika pendekezo la utafiti lenye bajeti ya leza pekee wamesahau nusu ya kazi. Na hapo kuna mtego wa maji: kioo cha majivu kilichokaa ardhini maelfu ya miaka hunyonya maji, jumla ya oksidi ikasoma asilimia 95 badala ya 100. Ukikuza silika hadi jumla iwe 100 kisha ukaitumia kwenye leza, elementi haba zote nazo zimekuzwa kwa kadiri ileile. Si kosa mradi useme umefanya hivyo, na mradi data unayojilinganisha nayo imefanyiwa vivyo hivyo. Nimeona michoro ambamo majivu mawili "tofauti" yalitofautishwa na hilo tu.

Upande wa vioo rejea, karibu kila maabara huanza na NIST 612, kioo cha kutengenezwa chenye sehemu 50 hivi kwa milioni za elementi nyingi. Si kioo cha volkano, wala hakifanani nacho kwa chuma. Kwa hiyo dai vioo vya kuhakiki vilivyoyeyushwa kutokana na mawe halisi, hasa vile vya MPI-DING kutoka Mainz, Ujerumani: ATHO-G kwa riolaiti, StHs6/80-G kwa andesaiti. Maabara isiyokuonyesha matokeo ya vioo hivyo pamoja na ya kwako, usiilipe.

Mwale wa ayoni

Hii ndiyo SIMS. Badala ya mwanga, chembe inapigwa na mwale wa ayoni, kwa kawaida za oksijeni, ndani ya ombwe, na ayoni zinazong'oka zinaingia moja kwa moja katika spektromita. Doa lake ni mikroni 10 hadi 20, upana usiopishana sana na leza, lakini shimo lina kina cha mikroni chache tu. Tofauti hiyo ya kina ndiyo hoja yote. Ukuta mwembamba ambao leza ingeutoboa kwa sekunde kumi na tano, mwale wa ayoni unaukwangua na kuuacha.

Mashine hizi ni chache duniani na zina foleni. Ya Edinburgh imehudumia watafiti wengi wa majivu. Kila doa linaweza kula robo saa au zaidi ukitaka orodha ndefu ya elementi. Ayoni za oksidi za elementi nyepesi hujifanya elementi nzito, na kuzitenganisha ni kazi ya fundi aliyeizoea. Vioo rejea lazima vifanane na sampuli zaidi hata kuliko kwenye leza, na ukipata chembe ya pantelerite, riolaiti ya alkali nyingi yenye chuma kingi, ukaisahihisha kwa riolaiti ya kawaida, usishangae matokeo.

Ningeichagua katika hali mbili. Ya kwanza ni jivu lisiloonekana kwa macho. Mwaka 2013 Christine Lane na wenzake walitangaza kwamba vioo vya mlipuko wa Toba, Sumatra, wa miaka 74,000 hivi iliyopita, vimo katika tope la chini ya Ziwa Malawi, lile tunaloliita Nyasa. Hakuna tabaka unaloliona. Ni chembe ndogo zilizotawanyika ndani ya tope, na kila moja ni ya thamani. Ukiwa na chembe za namna hiyo, kutoboa ni hasara. Ya pili ni pale unapotaka maji, florini, lithiamu au boroni iliyokuwa katika magma. Leza inayumba kwenye florini, na maji haiyapimi.

Asidi

Yeyusha kioo kwa asidi ya hidrofloriki na ya nitriki, nyunyiza myeyuko katika plazma ileile, na utapata namba bora kuliko zote: kosa la asilimia 1 hadi 3, wakati leza kwa chembe moja moja hukupa 5 hadi 10. Unahitaji miligramu 50 hadi 100 za kioo kilichosafishwa. Kwa obsidiani (jiwe la kioo cha volkano) ya kipande kikubwa, hii ni raha.

Kwa majivu, sipendi. Majivu mengi ya Turkana na Omo yalibebwa na mto kabla hayajatulia, na njiani yaliokota chembe za milipuko mingine. Asidi inachanganya zote na kukupa wastani nadhifu wa kitu ambacho hakikuwahi kulipuka popote. Hata bila mto, volkano zinazotoa magma ambayo kemia yake hubadilika toka chini hadi juu hutoa chembe zinazopanga mstari kwenye mchoro, si nukta, na mstari huo ndio alama yao. Chembe 25 zilizopimwa kwa usahihi wa wastani zitakuambia mengi kuliko namba moja isiyo na doa. Kuna na suala la zirkoni: katika riolaiti za kawaida madini haya hubaki chini ya chombo bila kuyeyuka, na zirkoniamu inasoma pungufu. Riolaiti zenye alkali nyingi za Naivasha na Eburru zimeepuka tatizo hilo, maana magma yake huiyeyusha zirkoniamu na fuwele za zirkoni hazitokei kirahisi.

Tena asidi ya hidrofloriki si ya kuchezea. Inapenya ngozi bila maumivu ya haraka na kushambulia kalsiamu ya mwili. Maabara isiyo na jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, toka.

Obsidiani: pengine huhitaji lolote kati ya hayo

Wenzangu wa akiolojia wanakuja na swali jingine kabisa. Hawana vumbi, wana vipande vya mawe vilivyochongwa, wanataka kujua jiwe lilichimbwa wapi, na jumba la makumbusho halitaki hata mkwaruzo. Kwao eksrei ya florosensi (jiwe hupigwa kwa eksrei, na kila elementi hujibu kwa eksrei yake) inatosha kwa sehemu kubwa. Kipande kiwe na upana wa sentimita moja hivi na unene wa milimita 2 au 3, kiwe safi, na mashine ya mkononi itasoma rubidiamu, strontiamu, itriamu, zirkoniamu na niobiamu kwa dakika chache. Hizo ndizo hasa zinazotenganisha machimbo ya Bonde la Ufa la Kenya. Zirkoniamu ya pantelerite za Eburru hupita sehemu 1000 kwa milioni. Huhitaji jicho kali kuiona.

Harry Merrick na Frank Brown walikwenda mbali hata bila hiyo. Mwaka 1984 walichapisha ramani ya vyanzo vya obsidiani ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania wakitegemea mwale wa elektroni na elementi kama chuma, kalsiamu na titani, wakaonyesha kwamba obsidiani ya mapango ya Mumba na Nasera, Tanzania, ilitoka maeneo ya Naivasha, zaidi ya kilomita 200. Kule Olorgesailie, Kenya, ambako jiwe hili halipo, watu walilileta kutoka umbali wa kilomita 25 hadi 95 karibu miaka 300,000 iliyopita. Leza inaingia kwenye obsidiani pale tu vipande vinapokuwa vidogo mno kwa eksrei, au vyanzo viwili vinapokataa kutengana kwa elementi hizo tano. Tundu lake halionekani kwa macho, hivyo mhifadhi anaweza kushawishika, ila mwombe ruhusa kwa maandishi na umwonyeshe picha ya tundu lenyewe kwanza.

Ukishaamua leza, leza ipi?

Kwa hili nitakuwa mfupi. Mwanga wa nanomita 193 hushikana na kioo angavu vizuri kuliko wa 213. Kwa riolaiti isiyo na rangi tofauti inaonekana kwenye ukingo wa shimo, ambao wa 213 mara nyingine humeguka vipande. Kwa pantelerite ya kijani yenye chuma, zote mbili zinafaa. Nyuma ya leza, spektromita ya kwadrupoli, inayochuja ayoni kwa fito nne za umeme, inatosha ukitumia doa la mikroni 20 na zaidi. Ukitaka kushuka hadi 10, tafuta yenye sumaku, kwa kuwa inahesabu ayoni nyingi zaidi kwa kiasi kilekile cha vumbi.

Kuna sampuli ambazo hakuna mashine itakayoziokoa. Majivu mengi ya Olduvai yalianguka katika ziwa la magadi, na kioo chake kikageuka udongo na madini ya zeolaiti. Kwa nje umbo la chembe bado lipo, linadanganya. Ndani alkali zimehama. Huko wataalamu hulinganisha fuwele zilizosalimika, kama felspa na ojaiti, na ndivyo inavyopasa. Jaribio ni rahisi: jumla ya oksidi ikisoma chini ya asilimia 90 na sodiamu ikiwa imeyumba toka chembe hadi chembe, okoa pesa ya leza.

Kwa Mtanzania au Mkenya anayepeleka sampuli nje, gharama halisi haimo kwenye bei ya saa ya mashine. Imo kwenye kibali cha utafiti, COSTECH ya Tanzania au NACOSTI ya Kenya kulingana na ulipo, kibali cha kusafirisha, na safari ya pili ukikuta chembe zimeandaliwa vibaya. Kwa hiyo andaa sahani moja ya epoksi itakayotumika kwa njia zote, iwe na kipenyo kinachokubaliwa na maabara zote utakazozitembelea, na uwaulize kabla hujamwaga gundi. Mpangilio wa kazi haubadiliki: mwale wa elektroni kwanza, ukiwa mpana wa mikroni 5 hadi 10 ili sodiamu isikimbie, mwale wa ayoni ukihitajika, leza mwisho, baada ya kung'arisha kidogo kuondoa kaboni iliyopakwa kwa ajili ya mwale wa elektroni. Ukianza na leza, hao wengine watakuta mashimo. Piga picha ya kila chembe kabla ya kila hatua na uziandike namba kwenye ramani ya sahani, la sivyo silika ya chembe ya 14 itatumika kusahihisha chembe ya 15, na hakuna programu itakayokuonya.